Watengenezaji wa Tanuri za Atomiki: Kazi Isiyoruhusu Kosa

Watu wengi wakisikia habari za nguvu za atomiki hufikiri juu ya bomu, au juu ya wataalamu waliovaa makoti meupe. Ni wachache wanaomfikiria fundi wa kuchomelea vyuma, aliyeinama juu ya bamba nene kwa saa nyingi, akijua ya kuwa kazi yake itapimwa na mtu mwingine kabla haijaruhusiwa kuendelea. Hata hivyo tanuri ya atomiki, ambayo siku hizi huitwa pia kinu cha nyuklia, ni chungu kikubwa cha chuma chenye maji ya moto sana, na sehemu kubwa ya usalama wake imo mikononi mwa fundi huyo.

Katika Marekani kazi hii imeshikwa hasa na kampuni iitwayo BWX Technologies, yenye makao yake makuu Lynchburg, katika jimbo la Virginia. Asili yake ni mabwana wawili, Stephen Wilcox na George Babcock, ambao mwaka 1867 walipata hati ya kulinda uvumbuzi wao wa boila la namna mpya. Zamani zile boila nyingi zilikuwa kama mapipa makubwa yaliyojaa maji, nazo zilipasuka mara kwa mara zikaua watu. Mabwana hawa waliyatia maji ndani ya mabomba membamba, hata bomba moja likipasuka hasara iwe ndogo. Basi zilipofika siku za atomiki, kampuni yao ilikuwa imekwisha zoea kwa muda mrefu kuuzuia mvuke ndani ya chuma. Baadhi ya vifaa vya Nautilus, nyambizi ya kwanza duniani kuendeshwa kwa nguvu hizo, iliyoshushwa majini Januari 1954, vilitengenezwa na kampuni hiyo. Mwaka 2015 iligawanyika sehemu mbili: moja ikabaki na jina la Babcock & Wilcox na boila za kawaida, na ya pili ikachukua mambo ya nyuklia.

Mnunuzi wake mkubwa ni Serikali ya Marekani, kwa ajili ya manowari zake. Nyambizi za namna ya Virginia hutiwa madini ya urani mara moja tu, wakati wa kuundwa, na urani hiyo hukusudiwa kutosha mpaka nyambizi iishe kazi, yaani zaidi ya miaka 30. Mtu aliyepata kuona garimoshi la zamani likisimama kila mara kupakia maji na kuni ataelewa jinsi jambo hili lilivyo la ajabu. Lakini lina upande wake wa pili: kitu kilichofungwa kwa miaka 30 hakirudishwi kiwandani kwa urahisi ili kisahihishwe.

Wanunuzi wa pili ni mashirika ya umeme, na biashara yao haikuwa nyepesi. Katika miaka ya 1960 maagizo yalikuwa mengi, na kampuni ikajenga kiwanda Mount Vernon, katika jimbo la Indiana, kando ya mto Ohio. Mahali hapo palichaguliwa kwa sababu chungu kimoja cha tanuri huwa na uzito wa mamia ya tani, nacho husafirishwa vizuri zaidi kwa tishari mtoni kuliko kwa barabara. Mashine zilikuwa mpya na za gharama kubwa. Mafundi stadi ndio waliokuwa haba, nao hawanunuliwi pamoja na mashine. Kufikia mwaka 1969 kazi zilikuwa zimechelewa vibaya, na baadhi ya wanunuzi walizipeleka kazi zao zikamalizwe na watengenezaji wengine.

Kisha, tarehe 28 Machi 1979, ikatokea ajali ya Three Mile Island katika jimbo la Pennsylvania. Tanuri iliyoharibika ilikuwa imeundwa na Babcock & Wilcox. Vali moja ilikwama ikiwa wazi, na wasimamizi hawakutambua ya kuwa maji yanapungua. Sehemu ya urani ikayeyuka. Maagizo ya mashirika ya umeme, yaliyokuwa yamekwisha pungua hata kabla ya siku hiyo, yalikauka. Kama si manowari, inaelekea ustadi huu ungalipotea.

Wanamaji nao walikuwa wamepata fundisho lao. Tarehe 10 Aprili 1963 nyambizi Thresher ilizama na watu wote 129 waliokuwamo. Waliochunguza waliona kwamba huenda maungio ya bomba la maji ya bahari yalifumuka, kisha tanuri ikazimika, na nyambizi ikashindwa kupanda juu. Tangu hapo ikaamriwa kwamba kila kifaa kinachoizuia bahari isiingie ndani lazima kiwe na maandishi yanayothibitisha kilikotoka na jinsi kilivyopimwa. Desturi kama hiyo imeshika kazi yote ya nyuklia: chuma hupigwa namba, na hati zake hufuatana nacho mpaka mwisho. Karani akikosea namba, chuma kizuri chaweza kukataliwa.

Lakini maandishi peke yake hayatoshi. Mwaka 2018 ilijulikana ya kuwa mabomba ya makombora ya nyambizi mpya, yaliyotengenezwa na BWX Technologies yenyewe, yalikuwa na kasoro mahali yalipochomelewa, nazo hazikuonekana yalipopimwa kiwandani. Mabomba 12 ilibidi yachunguzwe upya, na mengine yalikuwa yamekwisha fika kwa waundaji wa nyambizi. Gharama ya kuyatengeneza ilihesabiwa kwa mamilioni ya dola.

Siku hizi mashirika ya umeme yameanza kurudi. Mwaka 2024 kampuni ilitangaza kukipanua kiwanda chake cha Cambridge, nchini Kanada, na mwaka 2025 ikapewa kazi ya kutengeneza chungu cha tanuri ndogo ya namna mpya itakayojengwa Darlington, katika jimbo la Ontario. Jengo laweza kupanuliwa kwa mwaka mmoja au miwili. Fundi wa kuichomelea tanuri huchukua muda mrefu zaidi kupatikana.