Koleji Ipi Imfae Mtoto wa Askari?

Ndugu askari na polisi, mvaa sare hana makao: leo yuko Bujumbura, kesho amehamishiwa mkoani. Ndiyo maana wengi wenu hupenda kumtia mtoto katika bweni la Wakatoliki. Lakini lipi? Twaona jina peke yake halitoshi. Koleji ya Roho Mtakatifu ya Wajesuiti ilisifika sana pale Kiriri. Leo kilimani hapo wamo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Burundi.

Seminari ndogo, kama ile ya Kanyosha, ni jambo jingine kabisa. Kazi yake ya kwanza ni kuandaa mapadri. Baba amsukumaye kijana asiye na wito, kwa kutamani nidhamu tu (kana kwamba kambini haipo!), amdhulumu mwanawe na kumzibia nafasi mwenye wito.

Huko Buta, mkoani Bururi, tarehe 30 Aprili 1997, wanaseminari 40 waliuawa na waasi kwa kukataa kutengana, Wahutu kando na Watutsi kando. Udugu huo haumo katika cheti cha mtihani. Basi, kabla ya kulipa ada, tunawasihi mwende mkawaulize wanafunzi wenyewe jinsi wanavyoishi pamoja bwenini.