Bei ya Mtego Shambani

Mche wa nyanya uliodumaa, unaonyauka mchana ilhali udongo una maji, uking'olewa aghalabu huonekana una vinundu mizizini. Humo wamo minyoo fundo. Buu wao, asiyefikia urefu wa nusu milimita, hupenya ncha ya mzizi na kuzifanya seli chache zivimbe ili zimlishe. Akikomaa, jike hutaga mamia ya mayai. Katika udongo wenye joto, kizazi kimoja hukamilika kwa muda wa kama wiki nne.

Kuliacha shamba bila kulilima hakusaidii sana, maana magugu mengi nayo huwalisha minyoo hao. Bromidi ya methili, iliyofukizwa udongoni kwa miaka mingi, iliondolewa katika kilimo cha kawaida kwa Itifaki ya Montreal, nchi zinazoendelea zikipewa muda hadi 2015. Umebaki mtego. Marejea, mmea wa jamii ya kunde ulioenezwa kutoka Peramiho, mkoani Ruvuma, ili kurutubisha ardhi, huwaruhusu mabuu waingie mizizini, lakini wengi wao hawakui humo wala hawazai.

Mbegu zake si gharama kubwa. Gharama ni msimu. Chukuliwa mfano wa kubuni: shamba safi hutoa matenga 100 ya nyanya, na lenye minyoo 60. Misimu miwili ya nyanya katika shamba lenye minyoo huleta matenga 120. Msimu wa marejea ukifuatwa na wa nyanya, hayazidi 100. Mkulima anayeukataa mtego kwa hesabu hiyo hakukosea.

Lakini nyanya nyingi hulimwa kiangazi kwa kumwagilia, na masika shamba lilelile hupandwa mahindi. Marejea yakipandwa masika, kinachopotea ni mahindi, tena baada ya kutoa gharama za mbegu, mbolea na palizi. Kinachotarajiwa ni hadi matenga 40 ya ziada, pamoja na naitrojeni iliyoachwa ardhini. Kwa mwenye kuuza mahindi hayo, faida ni dhahiri. Familia inayoyala ina hesabu nyingine: kila debe lililokosekana shambani litanunuliwa miezi ya njaa, bei ikiwa juu. Familia hiyo huweza kutega sehemu moja ya shamba kila mwaka, ingawa maji ya mfereji na udongo ulioganda kwenye jembe huwarudisha minyoo pale walipokwisha kupunguzwa.