Eliumu: Maji Yenye Kuishinda Shaba

Kijana mmoja wa hapa Bel-Air, mwenye kufua mabamba ya shaba, alituuliza siku moja: «Padri, kuna kitu gani chenye kupitisha joto upesi kupita shaba?» Tukajibu mbio mbio: «Fedha tu, nayo inaishinda kidogo.» Tulikosa. Jibu lile lilifaa juu ya vyuma, lakini yeye aliuliza juu ya vitu vyote. Kwa hiyo tunaandika.

Eliumu ni hewa nyepesi, ile yenye kupandisha baluni. Mtu wa kwanza kuigeuza maji ni Kamerlingh Onnes, kule Leiden katika Holandi, mwaka 1908. Inachemka penye degre 4,2 tu juu ya sifuri kamili, nayo sifuri kamili ni mpaka wa baridi yote, degre 273 chini ya barafu.

Basi, maji hayo yanachemka na kutoa mapovu kama sufuria jikoni. Ukizidi kuyapoza, yakifika degre 2,17 yananyamaza mara moja. Si kwamba yameacha kutoa mvuke. La, unatoka juu tu. Povu huzaliwa mahali penye joto kupita jirani zake, na humo hamna tena mahali pa namna ile: joto limekwisha kuenea kote. Eliumu hii inapitisha joto mara mamia kupita shaba.

Namna gani? Katika shaba joto linapita, shaba yenyewe imekaa. Katika eliumu maji yenyewe yanatembea. Mwaka 1938 Kapitsa, kule Moscow, na Allen pamoja na Misener, kule Cambridge, walionyesha kwamba yanapenya nafasi nyembamba kabisa pasipo mkwaruzo. Landau, Mrusi, akafundisha mwaka 1941 tuyafikiri kama maji mawili yaliyochanganyika: ya kawaida, yenye kubeba joto, na mengine yasiyo na joto wala mkwaruzo. Ukipasha upande mmoja, yale ya kawaida yanaondoka na joto lake, mengine yanakuja kushika nafasi yake. (Lakini msomaji asijaribu kuzigawa atomu, hizi huku na zile kule, haiwezekani.)

Na sumaku? Eliumu ya kawaida haiijali karibu hata kidogo, maana sehemu za atomu yake zinakwenda mbili mbili na kufutana. Kuna eliumu nyingine, nadra sana, iliyopungukiwa na neutroni moja. Moyo wa atomu yake ni sumaku ndogo. Hiyo ilingoja mpaka mwaka 1972, ndipo Lee, Osheroff na Richardson, kule Cornell katika Marekani, walipoifikisha karibu elfu mbili na nusu za milioni ya degre. Hapo atomu zinashikana mbili mbili, nayo sumaku ya nje inabadili hali yao. Walipewa zawadi ya Nobel mwaka 1996.

Kazi yake? Karibu na Geneva, mashini kubwa ya CERN, yenye mviringo wa kilometa 27, inapoza sumaku zake penye degre 1,9 kwa tona 120 hivi za eliumu. Nyuzi za sumaku zile ni za niobiumu na titaniumu, lakini zimefunikwa na shaba: baridi ikiharibika, shaba ndiyo inayopokea umeme, nyuzi zisiungue. Hilo nalo tulimweleza yule kijana.