Ng'ombe wa safari: tuangalie kwato mbele ya kushika njia

Wengi wetu tunatembeza ng'ombe kutoka malisho ya Masisi, kule juu kwenye baridi, mpaka Walikale, chini kwenye pori na joto. Njia iko na mawe, halafu matope. Ng'ombe anayechechemea anakula kidogo, anakonda, na mnunuzi anashusha bei. Wengine wanachinjwa njiani kwa hasara. Basi kwato ni feza.

Tumtazame akitembea. Tumpitishe kwenye udongo mgumu ulio sawa, sisi tukisimama ubavuni. Mzima ananyoosha mgongo na kupiga hatua ndefu. Mguu wa nyuma unakanyaga karibu na alama ya ule wa mbele. Mgonjwa anapinda mgongo na kufupisha hatua. Akiinua kichwa kila anapokanyaga mguu mmoja wa mbele, maumivu yako pale.

Tukague kwato. Tumfunge vizuri, tuoshe mguu. Kwato ikirefuka mbele, uzito unarudi kwenye kisigino na ng'ombe hakanyagi sawa. Ikatwe na mtu anayejua, wiki mbili au tatu mbele ya safari, si siku ya kuondoka: kwato iliyokatwa sana inaumia kwenye mawe. Miguu ya nyuma, tuangalie zaidi upande wa nje. Shida nyingi zinaanzia pale.

Katikati ya kwato tutafute jiwe au mwiba. Tukikuta uvimbe, joto na harufu mbaya, ni kuoza kwa kwato. Matope yanalainisha ngozi, mawe yanaikwaruza, na vijidudu vinaingia. Huyo asitembee. Veterineri atampa dawa ya sindano. Tumuulize ni siku ngapi maziwa na nyama yake visitumiwe.

Kwa kukinga, tuogeshe miguu iliyosafishwa katika sulufati ya shaba: gramu 50 kwa litre 1 ya maji. Ng'ombe asinywe maji hayo, na tusiyamwage mtoni, yanaua samaki.

Lakini wakichechemea wengi kwa mara moja, mate yanatiririka na mdomo uko na vidonda, inaweza kuwa ugonjwa wa miguu na midomo. Hapo kundi lisitoke hata hatua moja. Tuite veterineri mara moja, tuwajulishe majirani.

Njiani, wachungaji wakague miguu kila jioni. Siku moja ya kupumzika ni bei ndogo kuliko ng'ombe mzima.