Hofu ya vyakula vya GMO Singida: shaka iko sokoni, jibu liko kwenye lebo

Katika masoko na magulio ya Mkoa wa Singida, kuanzia Manispaa hadi Iramba, Mkalama, Ikungi, Itigi na Manyoni, si jambo geni kusikia mnunuzi akimuuliza muuzaji iwapo bidhaa ni ya asili au ni "GMO". Nyanya inayokaa wiki mbili bila kuoza hutiliwa shaka. Tikitimaji lisilo na mbegu hutiliwa shaka. Kuku wa nyama anayefikia uzito wa kuuzwa akiwa na wiki sita, na mahindi yenye punje kubwa zinazolingana, navyo huingizwa katika kundi hilohilo. Baadhi ya wanunuzi huviepuka kabisa, na wengine huongeza fedha ili wapate kinachoitwa cha kienyeji.

Ukweli ni kwamba hakuna hata kimoja kati ya hivyo vinne, kama vinavyozalishwa nchini, kinachotokana na uhandisi jeni. Tanzania haijaidhinisha zao lolote lililobadilishwa kijenetiki kulimwa kibiashara. Chakula cha aina hiyo kikimfikia mkazi wa Singida, njia inayoelekea zaidi ni rafu ya duka, ndani ya pakiti iliyotoka nje ya nchi, wala si tenga la nyanya au kizimba cha kuku.

Mkanganyiko unaanzia kwenye neno chotara. Mbegu chotara hupatikana kwa kuchavusha mzazi mmoja kwa chavua ya mzazi mwingine wa zao lilelile, mahindi kwa mahindi, alizeti kwa alizeti. Kazi hiyo upepo na nyuki huifanya shambani kila msimu bila mpangilio. Mtafiti huifanya kwa kuchagua wazazi. Uhandisi jeni ni jambo lingine. Hapo jeni huchukuliwa, mara nyingi kutoka kwa kiumbe kisichoweza kuzaana na zao hilo, na kupandikizwa maabara katika chembe hai za mmea. Tikitimaji lisilo na mbegu limetokana na kuchanganya mimea yenye idadi tofauti za kromosomu, kwa namna inayokumbusha nyumbu wa kufugwa, yule mtoto wa punda na farasi asiyezaa. Kuku wa nyama naye ametokana na uteuzi wa wazazi kwa vizazi vingi pamoja na chakula maalumu.

Shaka ya mkulima, hata hivyo, haikuzuka bila sababu. Anayehifadhi mbegu ya mahindi chotara na kuipanda msimu unaofuata hushuhudia mimea isiyolingana na mavuno yaliyopungua, kwa kuwa sifa za wazazi hutawanyika katika kizazi cha pili. Hapo ndipo linapoingia simulizi la mbegu "zinazojiua". Teknolojia ya kuifanya mbegu ya kizazi cha pili isiote ilipewa hataza nchini Marekani mwaka 1998, lakini haikuwahi kuingizwa sokoni popote duniani. Kinachomkuta mkulima wa Iramba ni tabia ya kawaida ya chotara, na ni hasara ya kweli endapo muuzaji wa mbegu hakumweleza mapema.

Suala lenyewe liko karibu na Singida kuliko wengi wanavyodhani. Mwezi Oktoba 2016, katika kituo cha utafiti cha Makutupora, mkoani Dodoma, yalipandwa kwa majaribio mahindi yaliyobadilishwa kijenetiki, ndani ya shamba lililozungushiwa uzio. Yalikuwa sehemu ya mradi wa WEMA, ulioanza mwaka 2008 katika nchi kadhaa za Afrika kwa lengo la kupata mahindi yanayostahimili ukame, na yalipewa jeni kutoka kwa Bacillus subtilis, bakteria wa kawaida anayeishi kwenye udongo. Singida, yenye msimu mmoja wa mvua na miaka ambayo mvua hukatika mahindi yakiwa yanachanua, ni eneo la aina ileile ambayo watafiti walikuwa wakiifikiria.

Majaribio hayo hayakumfikia mkulima. Novemba 2018 Wizara ya Kilimo, kupitia aliyekuwa Katibu Mkuu, Mhandisi Mathew Mtigumwe, iliagiza yasitishwe na mabaki yake yateketezwe. Januari 2021 aliyekuwa Waziri wa Kilimo, Profesa Adolf Mkenda, akatangaza kusitishwa kwa utafiti wa mbegu hizo nchini. Lakini mradi huohuo ulizaa pia mahindi chotara ya kawaida yanayostahimili ukame, yasiyo na jeni ya kupandikizwa, ambayo yalisajiliwa kwa matumizi ya wakulima. Ndugu wawili wa mradi mmoja, mmoja akazuiwa na mwingine akaruhusiwa: haishangazi kwamba majina yao huchanganywa vijiweni.

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na Kanuni za Usalama wa Bioteknolojia za mwaka 2009, ambazo ziko chini ya Ofisi ya Makamu wa Rais, zinamtaka yeyote anayekusudia kuingiza au kutumia kiumbe kilichobadilishwa kijenetiki kupata kibali kwanza. Tanzania pia imeridhia Itifaki ya Cartagena, mkataba wa kimataifa unaosimamia uvushaji wa viumbe hivyo kati ya nchi na nchi. Majirani hawafuati msimamo mmoja. Afrika Kusini hulima mahindi ya aina hiyo tangu miaka ya mwisho ya 1990, na leo sehemu kubwa ya mahindi yake ndiyo hayo. Kenya, iliyokuwa imezuia uingizaji wa vyakula hivyo tangu Novemba 2012, iliondoa zuio Oktoba 2022, na uamuzi huo ukafuatwa na mashauri mahakamani.

Mnunuzi anayetaka kuviepuka hana haja ya kukihofia kila chakula. Mazao yanayobeba karibu eneo lote la kilimo hicho duniani ni manne: soya, mahindi, pamba na kanola. Vitunguu vinavyojaza soko la Misuna havimo. Mtama na uwele havimo. Karanga, maharage, choroko na viazi vitamu vya Singida havimo. Hata mafuta ya mawese, ambayo husemwa sana, hayatokani na michikichi iliyobadilishwa kijenetiki, kwa sababu michikichi ya aina hiyo hailimwi kibiashara.

Na alizeti? Hili ndilo linalopaswa kujulikana zaidi katika mkoa ambao, pamoja na Dodoma na Simiyu, umepewa kipaumbele na Serikali katika kuongeza uzalishaji wa zao hilo. Hakuna alizeti iliyobadilishwa kijenetiki inayolimwa kibiashara mahali popote duniani. Mbegu ya Record, ambayo mkulima anaweza kuitunza na kuipanda tena, si GMO; chotara za alizeti zinazonunuliwa kila msimu nazo si GMO. Kwa hiyo anayenunua mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa Singida tayari ameviepuka vyakula hivyo bila kuongeza hata shilingi moja. Chupa ya alizeti iliyoandikwa kwamba "haina GMO" husema kweli, lakini ni kweli ya bei rahisi, sawa na kuandika hivyo kwenye pakiti ya chumvi, ambayo haina jeni kabisa. Jambo la kuangalia ni kama mafuta hayo ni alizeti tupu. Yakichanganywa na mafuta mengine ya bei nafuu, uhakika huo unatoweka, na ndiyo maana nembo ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), pamoja na jina na anuani ya mkamuaji, vina uzito kuliko maneno ya kuvutia yaliyochapwa kwa herufi kubwa.

Umakini unahitajika zaidi kwenye bidhaa za kusindikwa kutoka nje: nafaka za kifungua kinywa zinazotokana na mahindi, mafuta ya soya, kanola au mahindi, biskuti na chokoleti zenye lesithini ya soya, vitafunwa vyenye wanga wa mahindi au vilivyotiwa utamu kwa sharubati ya mahindi. Jambo la kwanza kusomwa ni nchi ya asili, la pili ni orodha ya viambato. Sheria za lebo hutofautiana. Umoja wa Ulaya hutaka lebo pale sehemu iliyobadilishwa inapozidi asilimia 0.9 ya kiambato. Afrika Kusini imeweka kiwango cha asilimia 5. Marekani, tangu Januari 2022, hutumia neno "bioengineered" badala ya herufi GMO, hivyo anayetafuta herufi hizo tatu peke yake anaweza kulipita neno hilo bila kulitambua. Zaidi ya hapo, sheria ya Marekani haidai lebo kwa mafuta yaliyosafishwa kiasi kwamba chembe za urithi hazionekani tena kwa vipimo, ilhali Ulaya huidai kwa kuangalia zao lilikotoka.

Ipo pia kanuni inayosambazwa kwenye simu kwamba kibandiko cha tufaa chenye namba inayoanza na 8 ni ushahidi wa GMO. Tarakimu hiyo iliwahi kutengwa kwa ajili hiyo katika mfumo wa kimataifa wa namba za matunda na mboga, lakini wauzaji hawakuitumia. Namba tano zinazoanza na 9 ndizo zenye maana inayojulikana, yaani tunda la kilimo hai. Kwa bidhaa za ndani, nembo ya Kilimohai hutolewa kwa kufuata kiwango cha Afrika Mashariki cha mwaka 2007, ambacho hakiruhusu viumbe vilivyobadilishwa kijenetiki, na kwa mnunuzi asiye na maabara huo ndio uthibitisho ulio karibu zaidi.

Kuhusu afya, Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa vyakula vya aina hiyo vilivyopo sasa katika soko la kimataifa vimepita tathmini za usalama na haielekei kuwa vina hatari kwa binadamu. Picha za panya wenye uvimbe mkubwa, zilizotisha wengi, zilitoka katika makala ya utafiti ya mwaka 2012 nchini Ufaransa, ambayo jarida lililoichapisha liliiondoa mwaka uliofuata. Hilo halimaanishi kwamba tahadhari ni upuuzi. Mwaka 1996 watafiti walithibitisha kwamba soya iliyopewa jeni ya njugu ya Brazili ingeweza kumdhuru mtu mwenye mzio wa njugu hiyo, na soya hiyo haikuingia sokoni. Mwaka 2000 nchini Marekani, mahindi ya StarLink, yaliyoidhinishwa kwa chakula cha mifugo tu, yalikutwa katika vyakula vya binadamu, na bidhaa nyingi zikaondolewa madukani. Kisa cha kwanza kinaonesha upimaji ukifanya kazi. Cha pili kinaonesha jinsi ilivyo vigumu kutenganisha nafaka zikishaingia kwenye ghala moja.

Ugumu huo unaigusa Singida kupitia asali. Mfugaji nyuki wa Bavaria, Ujerumani, Karl Heinz Bablok, alikuta katika mazao ya nyuki wake chavua ya mahindi yaliyobadilishwa kijenetiki kutoka mashamba ya majaribio ya jirani. Tarehe 6 Septemba 2011 Mahakama ya Ulaya iliamua kwamba asali yenye chavua hiyo ilihitaji idhini kabla ya kuuzwa. Ulaya ilirekebisha sheria yake mwaka 2014 na kuitambua chavua kuwa sehemu ya asili ya asali, jambo lililopunguza makali ya uamuzi huo. Wafugaji nyuki wa Manyoni, Itigi na Ikungi hawana mashamba ya aina hiyo jirani na mizinga yao. Wanunuzi wa nje wanaotafuta asali isiyo na shaka wanaweza kuelezwa hivyo, mradi asali iwe imefungashwa kwa jina la mahali ilikorinwa na isichanganywe na ya kwingine isiyojulikana.

Kwa mkulima, hatari iliyo karibu zaidi ni mbegu bandia. Pakiti halali ya mbegu hubeba lebo ya Taasisi ya Kuthibitisha Ubora wa Mbegu Tanzania (TOSCI), yenye namba iliyofichwa ambayo mnunuzi huikwangua na kuihakiki kwa simu yake kabla ya kuondoka dukani. Aliyekataa chotara iliyothibitishwa kwa kuhofia GMO, kisha akanunua mbegu isiyo na lebo kwa sababu imeitwa ya asili, hulijua kosa hilo Januari, shamba likiwa limeota mapengo na mvua ya kupandia tena ikiwa imepita.