Kukarabati au Kujenga Upya: Usidanganywe na Ukuta Uliosimama

Mtu akirithi au akinunua nyumba kuukuu Magomeni, Temeke au Ilala, jijini Dar es Salaam, mara nyingi hujifariji kwamba kuta zipo, hivyo nusu ya kazi imekwisha. Haijakwisha. Ukuta huonekana kuliko sehemu nyingine yoyote ya nyumba, lakini hugharimu kidogo kuliko tunavyodhani. Wengi wanaochagua vibaya kati ya kukarabati na kujenga upya wanapotelea hapo.

Tupige hesabu. Nyumba ya vyumba vitatu yenye mita 10 kwa 12 ina mzunguko wa mita 44. Tuseme kuta za ndani ni mita 40, jumla mita 84. Kwa kimo cha mita 3, ukitoa milango na madirisha, zinabaki kama mita za mraba 210. Mafundi hukadiria tofali 10 za inchi 6 kwa kila mita ya mraba, yaani tofali 2,100. Msingi wa kozi tano utakula nyingine 900 hivi. Zote ni tofali 3,000, na tofali moja likiwa shilingi 1,300 ni shilingi 3,900,000. Weka juu yake saruji na mchanga wa kujengea, nondo na zege la mkanda wa lenta, jamvi na ufundi. Boma limesimama, majirani wanakupongeza, lakini hujafika nusu ya gharama.

Pesa nyingi bado zinakusubiri mbele: mbao za kenchi na bati, dari, madirisha ya aluminiamu na grili zake, milango, nyaya za umeme, mabomba, plasta ndani na nje, taili, vyoo na shimo lake, rangi. Ndiyo maana Dar es Salaam, Kibaha hadi Bagamoyo kumejaa mapagale. Wenye nayo si wavivu. Walipanga bajeti ya boma wakidhani ni bajeti ya nyumba.

Sasa igeuze hesabu hiyo upande wa nyumba kuukuu. Chukua karatasi, uandike vitu vitakavyobaki baada ya ukarabati na vitakavyong'olewa. Kama bati na mbao zinabaki, choo na shimo vinabaki, sakafu inabaki, na kazi ni plasta, nyaya, madirisha na rangi, basi huo ni ukarabati kweli na utakuokolea pesa nyingi. Kama kinachobaki ni kuta peke yake, unajenga nyumba mpya juu ya msingi ambao hukuona ulivyochimbwa. Gharama ni karibu ileile ya nyumba mpya, na ubovu wa zamani umebaki na wewe.

Kwa hiyo usianze na rangi wala taili. Anza chini. Ufa mwembamba wa plasta hauna neno. Wa kuogopa ni ule unaoanzia pembe ya dirisha, ukateremka mshazari na kupita ndani ya tofali zenyewe. Bandika kipande chembamba cha plasta juu ya ufa huo, uandike tarehe, usubiri masika yapite. Kipande kikipasuka, msingi bado unatembea, na hakuna fundi rangi wa kuutuliza. Kisha bandua plasta sehemu mbili tatu, ukwangue tofali kwa msumari. Likimwagika mchanga, lilifyatuliwa kwa saruji ya kuibia. Mfuko wa kilo 50 hutoa tofali imara za inchi 6 kama 25 hadi 30. Anayevuta hadi 40 na zaidi anakuuzia mchanga. Kwenye nyumba za zamani zaidi unaweza kukuta nyuma ya plasta miti na udongo, si tofali. Nyumba ya namna hiyo inafaa kutunzwa ikiwa mchwa hawajaingia, lakini usithubutu kuitwisha mzigo mpya, seuze ghorofa.

Chumvi inayopanda ukutani ni habari nyingine. Mafundi wengi watakwambia wapige plasta upya. Baada ya mvua mbili chumvi itarudi, kwa sababu maji yanapanda kutoka ardhini kupitia msingi usio na kizuizi cha unyevu. Dawa yake ni kuyaelekeza maji ya mvua mbali na nyumba na kuweka kizuizi hicho, kazi ngumu na ya polepole, na lazima iwemo kwenye bajeti tangu mwanzo. Juu nako, panda darini mchana. Ukiona nuru imepenya kwenye matundu ya misumari, bati zimechoka. Mbao inayobonyea kwa bisibisi imeliwa. Paa likiwa la asbesto, kama kwenye majengo kadhaa ya zamani ya umma, usiruhusu vibarua walivunje kwa nyundo. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani, na vumbi ndilo la hatari zaidi.

Jambo ambalo nyumba kuukuu inalo, na hesabu ya tofali hailionyeshi, ni mahali ilipo. Katika miaka ya 1960 serikali, kupitia Shirika la Nyumba la Taifa lililoundwa 1962, ilibomoa vibanda na kujenga nyumba mpya palepale, Magomeni ikiwemo. Miaka ya 1970 mwelekeo ukabadilika. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia vikapimwa viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na Manzese, badala ya kuvunjwa, ikaboreshewa miundombinu na nyumba zikabaki. Anayemiliki kibanda Manzese leo anamiliki umbali mfupi wa kufika Kariakoo.

Linganisha na kiwanja cha Chanika au Kibaha. Bei yake inavutia, lakini hesabu haiishii hapo. Gharama ya kuunganishiwa umeme mjini iliyopangwa Januari 2022 ni shilingi 320,960 kwa nyumba iliyo ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo. Ikihitajika nguzo moja ni 515,618, na ukiwa mbali zaidi inazidi kupanda. Ongeza kisima au tangi, nauli ya watu wote wa nyumbani kila siku, na kodi ya pango unayoendelea kulipa unapokusanya pesa za bati. Wengi wetu tunajenga kidogo kidogo kutoka mfukoni, kwa sababu mikopo ya nyumba ina riba ya tarakimu mbili na inadai hati. Ukijenga kwa miaka mitano, miaka hiyo yote pesa yako imelala kwenye boma lisilolipa hata senti.

Hapa nyumba ya Kiswahili inaishinda nyumba mpya waziwazi. Ukumbi upo katikati, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, uani nyuma. Unaweza kukarabati upande mmoja huku wapangaji wakikaa upande wa pili, na kodi yao ikanunua saruji ya awamu inayofuata. Chumba kikimalizika mwezi huu, mwezi ujao kinapangishwa. Mwenye kipato kidogo hana mkopo wa nafuu kuliko huo. Ila kazi ya kufumua paa iwe kiangazi, Juni hadi Septemba, na utenge akiba ya kutosha, kwa kuwa nyumba kuukuu huficha siri zake mpaka plasta ianguke.

Kuna njia ya tatu ambayo husahaulika: kubomoa na kujenga palepale. Ikiwa msingi unatembea na tofali zinamwagika, mimi naipendelea njia hii kuliko kukimbilia kiwanja cha mbali. Umeme, maji, barabara na majirani unao tayari, na kifusi cha nyumba ya zamani kitajazia jamvi.

Mji Mkongwe wa Zanzibar una sheria yake. Eneo hilo lipo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000, hivyo kubomoa si uamuzi wa mwenye nyumba. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, dari za boriti za mikoko. Anayezipiga plasta ya saruji anazifungia unyevu ndani mpaka chokaa inaoza. Beit al-Ajaib, jumba la 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 kazi ya ukarabati ikiwa inaendelea. Huko tafuta fundi anayejua chokaa, au subiri hadi umpate.

Hukumu yangu ni hii. Msingi na paa vikiwa vizima, karabati. Kimoja kikiwa kibovu, mlipe kwanza mhandisi au mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa akague nyumba na akupe makadirio ya njia zote mbili kwa maandishi. Ada yake ni ndogo ukiilinganisha na hasara ya kukosea. Vyote viwili vikiwa vibovu, bomoa. Kwa uamuzi wowote, pitia halmashauri uchukue kibali, na uhakikishe nyumba haimo kwenye hifadhi ya barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande, na alama nyekundu ya X haijali umeweka taili za aina gani.

La mwisho linauma zaidi ya nyufa. Watoto wengi wamekarabati nyumba ya mama kwa mapenzi, kwa jasho la miaka, na mzee alipofariki ndugu wakataka iuzwe wagawane sawa. Mwenye kukarabati hakuwa na risiti wala karatasi ya makubaliano. Ikiwa nyumba ni ya urithi, mirathi ifunguliwe mahakamani na msimamizi ateuliwe kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kushushwa. Ikiwa mzazi yu hai, kaeni naye pamoja na ndugu zako wote, mwandike nani anatoa nini na atarudishiwa vipi, kila mmoja atie sahihi mbele ya shahidi. Ndugu zangu, fanyeni hivyo mapema, mkiwa bado mnapendana.