Je, Wajua? Taa ya Upepo wa Matairi Ina Udongo wa Manono

Ukiwasha gari la miaka ya karibuni, dashibodini huwaka kwa sekunde chache taa ya njano yenye umbo la tairi lililokatwa katikati, ndani yake alama ya mshangao. Madereva wengi huiona kama sufuria, wakaipuuza. Hiyo ndiyo taa ya upepo wa matairi. Ikibaki inawaka baada ya injini kunguruma, kuna tairi lililopungukiwa upepo, na kompyuta ya gari imejua kabla yako.

Imejuaje? Ndani ya gurudumu, nyuma ya valvu, kimefungwa kidude kidogo kinachopima presha na joto la hewa, kisha kinarusha taarifa kwa mawimbi ya redio. Nguvu yake hutoka kwenye betri ndogo ya lithiamu. Saketi yake imelehemiwa kwa bati; lehemu ya kisasa isiyo na risasi ni bati kwa zaidi ya asilimia 95. Kompyuta za gari zinazoendesha injini, breki za ABS na mifuko ya hewa nazo hutumia kapasita za tantali, metali inayopatikana ndani ya jiwe la koltani. Tantali hupendwa kwa sababu utando wa oksidi yake ni mwembamba mno lakini unazuia umeme vizuri, na kapasita yake huvumilia joto la chini ya boneti.

Lithiamu, bati na tantali ni metali tatu zenye masoko matatu tofauti. Manono, katika jimbo la Tanganyika nchini Kongo, zote zimelala kwenye mwamba mmoja.

Wabelgiji walifuata bati. Kampuni ya Géomines, iliyoundwa mwaka 1910, ilijenga mji, ikafungua mashimo makubwa na kuvuta umeme kutoka Piana Mwanga kwenye mto Luvua. Kazi hiyo kubwa ilizorota hadi kusimama katika miaka ya 1980. Mashimo yakajaa maji yakawa maziwa, na wachimbaji wa mikono wakabaki na sururu na karai. Mwamba wenyewe ni pegmatiti, unaoenea kwa takriban kilomita 15 kati ya Manono na Kitotolo. Ndani yake mna kasiterite, yaani jiwe la bati, mna koltani, na mna spodumeni inayobeba lithiamu. Wachimbaji wa bati waliiacha spodumeni kwenye vifusi kwa sababu haikuwa na mnunuzi wa maana. Miaka ya karibuni ndiyo iliyogombaniwa na kampuni za AVZ ya Australia na Zijin ya China.

Kwa hiyo Manono inalisha dashibodi za dunia. Lakini pandisha macho kwenye dashibodi ya gari linalobeba mifuko ya kasiterite kwenda Kalemie au kushuka Lubumbashi: mara nyingi taa hiyo ya tairi haipo kabisa.

Sababu iko kwenye sheria za nchi za mbali. Gari la kwanza la abiria kupewa mfumo wa taa hiyo lilikuwa Porsche 959 la mwaka 1986, gari la matajiri lililotengenezwa machache sana. Mfumo uligeuka kuwa lazima baada ya msiba wa Marekani: matairi ya Firestone yaliyofungwa kwenye Ford Explorer yalikuwa yakibanduka ngozi ya juu kwenye mwendo wa kasi, magari yakapinduka, zaidi ya watu 200 wakafa. Agosti 2000 kampuni ilitangaza kuyarudisha matairi milioni 6.5, na mwaka huohuo Bunge la Marekani likapitisha sheria. Kufikia Septemba 2007 kila gari dogo jipya nchini humo lilipaswa kuwa na taa hiyo. Ulaya ikafuata kwa magari yote mapya ya abiria mwaka 2014. Japani haikuweka sharti hilo. Na gari la mtumba linalofika Katanga, limeteremshwa bandari ya Dar es Salaam, likapita Tunduma na Kasumbalesa, kwa kawaida lilizaliwa Japani.

Ndiyo maana magari mengi ya huku yana mwanamke wa Kijapani anayeongea kila ukiwasha, lakini hayana taa ya tairi. (Huyo mama, kama umewahi kujiuliza, mara nyingi analalamika kwamba hujaweka kadi ya kulipia barabara za Japani. Mwache aseme.)

Hata palipo na taa, inafaa ujue ni ya aina gani, kwa sababu ziko mbili na kila moja ina udhaifu wake. Ya kwanza ni hiyo yenye kidude ndani ya gurudumu. Betri yake imefungwa ndani ya plastiki, huishi miaka mitano hadi kumi, kisha kidude chote hutupwa. Gari la mtumba lenye umri wa miaka kumi na mbili linaweza kuwa na vidude vinne vilivyokufa. Dalili yake ni taa kupepesa kwa dakika moja hivi unapowasha gari, kisha kubaki inawaka: hapo mfumo unasema umepofuka, hausemi kwamba tairi lina kasoro. Aina ya pili haina kidude chochote. Inatumia vihisi vya ABS vinavyohesabu mizunguko ya kila gurudumu, kwani tairi lililopungua upepo hufupika kidogo, hivyo huzunguka mara nyingi zaidi kuliko wenzake kwenye umbali uleule. Ni akili nzuri, tena ya bei nafuu. Ila matairi yote manne yakipungua pamoja, polepole, wiki baada ya wiki, hakuna la kulinganisha nalo, na taa inaweza kukaa kimya.

Tena taa hii huchelewa kwa makusudi. Sheria ya Marekani inaitaka iwake upepo ukishuka kwa asilimia 25 chini ya kipimo cha kiwanda. Kama kibandiko cha mlangoni kinasema PSI 32, taa inaweza kungoja hadi 24.

Robo hiyo si kitu kidogo. Gari la kilo 2,000 huweka kama kilo 500 juu ya kila gurudumu. Kinachobeba uzito huo hasa ni hewa. Mpira ni mfuko wake. PSI 32 ni karibu kilo 2.2 kwa kila sentimita mraba, kwa hiyo tairi hukaa chini kwa eneo la kama sentimita 15 kwa 15. Toa upepo hadi 24, eneo hilo linakua kwa theluthi moja, na mbavu za tairi zinalazimika kupinda zaidi. Ongeza magunia ya unga, madumu ya mafuta na abiria juu ya mizigo, hesabu inaharibika mara mbili. Tairi la Land Cruiser lenye mzingo wa mita 2.5 hivi huzunguka mara 400 kila kilomita. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, kila kipande cha ubavu kinapinda na kunyooka mara 400 kwa dakika. Mpira unaopindwa hivyo hupata joto, joto hulegeza gundi kati ya mpira na nyuzi za chuma, na hapo ndipo tairi linapobanduka. Dereva husema limepasuka kwa jua. Jua lilisaidia tu. Kazi ilifanywa na upepo mdogo.

Mpira wenyewe unaijua Kongo tangu kabla ya gari kuenea. Mwishoni mwa miaka ya 1880 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alitengeneza tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Baiskeli zikaenea Ulaya, mpira ukapanda bei, na katika dola binafsi ya Mfalme Leopold II watu wa misituni wakalazimishwa kugema mipira ya porini kwa mtutu na mjeledi, hadi mfalme aliponyang'anywa nchi mwaka 1908. Upepo ule wa starehe wa Ulaya ulilipwa kwa mikono iliyokatwa. Kwa hiyo gurudumu lilikuja kutafuta vitu Kongo mara mbili: kwanza kilicho chini ya bodi, sasa kilicho nyuma ya usukani.

Turudi kwenye taa za dashibodi kwa jumla. Rangi zake ni za kimataifa: kijani na bluu ni taarifa, njano ni angalia mapema, nyekundu ni simama. Kwenye nyekundu watu hujidanganya sana, hasa ile yenye umbo la birika la oili. Wengi hudhani inapima kiasi cha oili kilichomo. Inapima presha. Ikiwaka wakati injini inafanya kazi, maana yake oili haifiki kwenye vyuma vinavyosuguana, na injini inaweza kuharibika ndani ya dakika chache. Usifike kijiji cha mbele. Zima hapohapo, hata kama ni katikati ya pori la Nyunzu, kisha ndipo uvute kijiti cha kupimia. Taa nyekundu ya breki nayo, kama breki ya mkono imeshushwa, inaweza kusema maji ya breki yamepungua, na mara nyingi yamepungua kwa sababu pedi zimelika.

Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, ambazo ndizo farasi wa njia hizi, zina taa mbili ambazo mwenye gari dogo la mjini huenda hazijui. Moja imeandikwa T-BELT. Haipimi chochote; inahesabu kilomita tu, na katika masoko mengi huwaka zikifika 100,000 kukumbusha kwamba mkanda wa taimingi ubadilishwe. Mkanda ukikatika, pistoni hugonga valvu, na injini inabomoka. Taa hiyo huzimwa kwa mkono baada ya kubadilisha mkanda. Kwa hiyo yaweza pia kuzimwa bila kubadilisha mkanda, na muuzaji mwenye haraka analijua hilo. Ya pili huonya kwamba maji yamejaa kwenye chujio la dizeli. Mahali ambapo dizeli husafiri kwenye mapipa na madumu, wakati mwingine chini ya mvua, maji ni mgeni wa kawaida. Dawa yake haihitaji gereji: legeza kizibo cha chini ya chujio, pampu kwa mkono hadi dizeli itoke safi, kaza. Ukiendelea kuendesha, maji hayo yanaingia kwenye pampu ya dizeli, na bei ya pampu hutaki kuijua.

Unaponunua gari, usitazame taa zinazowaka tu. Geuza ufunguo bila kuwasha injini, uhesabu: oili, chaji, mifuko ya hewa, ABS, injini, zote zinapaswa kuonekana, kisha zizime injini ikishika. Isiyoonekana kabisa ndiyo ya kuogopa. Huenda balbu imetolewa, waya umekatwa, au kimebandikwa kipande cha plasta nyeusi juu yake. Gari linalonyamaza hivyo limezibwa mdomo.

Msimamo wangu ni huu: kwenye njia ya Manono, taa ni shahidi wa jambo lililokwisha kutokea, na geji ya mkononi ina thamani kuliko dashibodi yote. Pima alfajiri, tairi likiwa baridi. Likisafiri, presha hupanda kwa PSI 4 au 5 kwa joto tu. Anayeutoa upepo huo mchana ataamka na tairi lililolegea. Ukipunguza upepo ili kutoka kwenye tope au mchanga, sawa, ni ufundi wa haki, lakini uwe na pampu ya kuurudisha kabla ya kukimbia tena. Udongo mwekundu huficha mengi: mwaga maji ubavuni mwa tairi, tafuta mipasuko na vivimbe, hasa upande wa ndani ambao hakuna anayeutazama. Kwado, fundi wa kuziba matairi, anaweza kuziba tundu la msumari kwenye uso wa tairi, na vizuri zaidi akiliziba kwa kiraka kutoka ndani. Ubavu uliochanika hana dawa yake, hata akikuapia, na kutia tyubu ndani ni kununua kilomita chache tu.

Soma pia umri. Ubavuni, baada ya herufi DOT, tafuta tarakimu nne za mwisho: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno marefu na mpira uliozeeka ghalani. Meno hayaoneshi miaka. Chini ya milimita 1.6 za kina cha meno, nchi nyingi humkamata dereva, na kwenye tope la Januari hata milimita tatu ni chache.

Na spea, ambayo hata kwenye magari yenye taa mara nyingi haina kidude, ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Ipime pamoja na zile nne, usome na DOT yake, kabla hujaondoka.